Kwa Mwanaidi, Anayekwenda Nilikotoka

Sofu, Kibaha
Jumapili, 30 Juni 1985

Mwanangu Mwanaidi,

Mwezi huu unaokwisha umetimiza mwaka wa kumi na moja tangu mimi, mama yako na wewe tuondoke Maneromango. Kwa ramani si mbali. Mtu akidamka Maneromango, akapata gari la kumfikisha Kisarawe, akashuka mpaka Dar es Salaam na kupanda basi la kuja huku, jua halijazama atakuwa Kibaha. Najua watu waliokwenda kusoma Ulaya wakarudi, wakaenda tena, ndani ya miaka hiyo. Mimi sikurudi hata kwa mazishi.

Kesho unakwenda wewe. Nimeamua kukuandikia kwa sababu maneno ya mdomoni hukuchosha, hasa yakisemwa na mtu anayejizuia kulia, na mimi kesho asubuhi naweza kuwa mtu wa namna hiyo. Karatasi haina uso. Utaisoma ukiwa tayari, utairudia unapotaka, na pale usipopaelewa utapawekea alama ya penseli kama kawaida yako.

Sitakuambia habari za nguo, sabuni, dawa ya malaria wala namna ya kukaa garini. Mama yako amekuwa akiyasema hayo tangu Ijumaa, nawe umemkumbusha mawili aliyoyasahau. Nataka kukueleza jinsi tulivyokupokea sisi watu wako, kwa kuwa unakwenda kuishi na baadhi yetu, na ni haki yako kujua nani alifikiri nini. Mengi yalitokea mbele yako, lakini hakuna aliyekueleza sababu zake.

Ulizaliwa siku ya Idi, mwaka ule wa Uhuru, na hatukujaliwa mwingine. Ulichelewa kusema, ila kwetu mtoto wa kike anayechelewa kusema hamtishi mtu. Ulikuwa huwatazami watu machoni. Wakasema, mtoto wa adabu. Wageni walipokuja ulikaa kimya kwenye kona yako. Wakasema, mama yake amemfunza. Shangazi yako Bi Tatu, dada yangu mkubwa, ambaye ndiye kungwi aliyewafunda wasichana wote wa upande ule, alikutolea mfano kwa watoto wa wenzake. "Mtazameni Mwanaidi," aliwaambia. "Hajavunja ungo, na tayari anakaa kama mwali aliyewekwa ndani."

Kwa hiyo kile ambacho daktari angekitafuta kama dalili, sisi tulikipokea kama sifa, na tukakifurahia miaka kadhaa. Mama yako peke yake ndiye aliyekuwa na wasiwasi.

"Mwalimu," aliniambia, maana hata yeye huniita hivyo, "mtu wa adabu hunyamaza akiwa anasikiliza. Huyu hasikilizi. Ana shughuli zake."

Nikamwambia aache kumtafutia mtoto kasoro.

Tatizo lilikuja kwenye salamu. Ulipofika umri wa kwenda shule, ulikuwa bado huamkii. Binti wa mwalimu, apite mbele ya wazee asiseme shikamoo! Nilikushika mkono asubuhi moja, na kwa kila mzee tuliyekutana naye nikakusimamisha. "Sema shikamoo." Mzee wa kwanza ulimwamkia. Wa pili ulimwamkia. Halafu ukaendelea mwenyewe: ukauamkia mnazi, ukaiamkia baiskeli iliyoegemezwa ukutani, ukamwamkia mbuzi wa Mzee Pazi aliyefungwa kando ya njia. Mzee Pazi alikuwa barazani akipiga mswaki.

"Mwalimu!" akanipigia kelele. "Mbuzi wangu amesema marahaba, na anauliza baba wa mtoto mbona hasalimii!"

Watu walicheka. Mimi nilikuchapa kofi palepale njiani. Ulikuwa umeshatimiza miaka kumi na minane uliponieleza, bila kinyongo, kwamba uliagizwa umwamkie kila tunayekutana naye na hukuambiwa pa kuishia. Ninafundisha tangu nikiwa kijana, na sijui kama nimewahi kutoa agizo lililofuatwa vizuri zaidi ya hilo.

Sifa ya adabu ilikwisha kwa sababu ya ngoma. Kila ilipopigwa, ya harusi au ya kumtoa mwali, ulipiga mayowe, ukajiuma mkono, ukaingia chini ya kitanda usitoke mpaka kesho yake. Hapo ndipo watu walipoanza kusema pepo.

Mwaka 1970 tukakupeleka Dar es Salaam. Daktari alikuwa kijana, mwenzetu, aliyerudi karibuni kutoka masomoni. Alikupa kalamu na karatasi akitaka uchore. Kalamu uliiacha. Karatasi uliichana vipande virefu vyembamba, ukaanza kuvisuka kama ukili wa mkeka, na kwa saa nzima hukuinua kichwa. Alikutazama sana, akatuuliza maswali mengi, mwishoni akasema neno ambalo hatukuwahi kulisikia: otizimu. Alisema hajui Kiswahili chake. Alisema si wazimu wala shetani, haiambukizi, na haina dawa. Umezaliwa hivyo, utakua hivyo, na utajifunza mengi kwa njia yako mwenyewe.

Laiti angeishia hapo. Lakini vitabu vya wakati ule vilikuwa na nadharia kwamba mtoto huwa hivi kwa sababu ya mama asiye na mapenzi, naye alikuwa amevisoma.

"Mama," akauliza, "mtoto huyu alipozaliwa, ulimpenda?"

Mama yako alifunga kanga yake vizuri kwanza. "Daktari, swali hilo umelitoa kwangu au umelitoa kitabuni?"

"Kitabuni," alisema yule kijana, na nilimheshimu kwa kukiri.

"Basi mrudishie mwenye kitabu."

Yeye alilimaliza palepale. Mimi sikulimaliza. Nilikwenda kuazima kitabu hicho, nikakisoma kwa kamusi mpaka mwisho, na kwa karibu mwaka mzima nikawa namtazama mama yako anapokuogesha, anapokulisha, anapokuita, nikimpima. Aliyekiandika hakuwahi kufika Maneromango, na hakumwona akikuvusha bonde mgongoni, masika, wewe umeziba masikio kwa sababu ya vyura. Mimi nilimwona. Bado nilimwamini mwandishi. Ukikutana na mtu aliyesoma sana akakueleza habari za mama yako, Mwanaidi, muulize kama anamjua.

Tuliporudi, Bi Tatu alikuwa anatungoja barazani.

"Haya, daktari kasemaje?"

"Amesema ni otizimu."

Akapiga makofi. "Afadhali! Amejitaja."

"Nani amejitaja?"

"Huyo Otizimu. Miaka yote tunahangaika naye hatumjui jina. Ni wa pwani au wa bara?"

Mama yako, aliyekuwa amechoka na safari, akashindwa kujizuia. "Wa Ulaya, wifi."

"Ndiyo maana hazitaki ngoma zetu!" akasema Bi Tatu. "Basi huyo atakuwa anataka sukari na kitambaa cheupe."

Unajua kwetu pepo akishataja jina, kazi imepungua nusu: mnajua mnazungumza na nani na anataka nini. Kabla ya wiki kwisha, upande wote ule walikuwa na habari kwamba mtoto wa Mwalimu ana Otizimu, mgeni kutoka Ulaya, mpole, hapendi kelele wala kushikwashikwa. Na sina budi kuandika ukweli: ilikuwa miaka mizuri kwako. Wanawake walikuletea sukari kwenye karatasi. Wapiga ngoma walihamia ng'ambo ya bonde bila kuombwa. Ulipopita bila kuamkia, wazee walisema, "Si yeye, ni mgeni wake." Hakuna aliyekulaumu wewe, wala mama yako, wala mimi.

Mimi sikuweza kuvumilia. Jioni nilikuwa nafundisha kisomo cha watu wazima, na ubao wangu ulikuwa mali ya taifa. Nisingekubali pepo wa Kizungu azaliwe mbele yangu nikiwa na chaki mkononi. Jioni moja nikachora kichwa cha mtu, nikachora na ubongo ndani yake, nikawaeleza kila kitu kama daktari alivyonieleza. Nikasema, hakuna pepo. Ndivyo alivyoumbwa. Hakuna mganga wala daktari wa kuiondoa.

Waliniamini, kwa sababu waliniheshimu. Bi Tatu alikaa mstari wa mbele, akauliza swali moja tu.

"Haitoki kabisa?"

"Haitoki, dada."

Alitikisa kichwa, akakunja daftari lake akaondoka.

Kila nililolisema jioni ile lilikuwa sahihi, na lilikudhuru kuliko uongo wote uliotangulia. Pepo huja na huondoka. Nilichowaletea mimi kilikuwa cha kudumu. Niliwanyang'anya kitu walichokuwa wakikushikia kwa upole, na sikuwapa kingine cha kushika. Sukari ikakoma. Ngoma zikarudi upande wetu wa bonde. Barazani wakaanza kuulizana nani atamwoa, na wazazi wake wakifa atakaa na nani. Tangu hapo, kabla sijamsahihisha mtu, huwa nauliza kwanza atabaki na nini nikishamaliza.

Mwishoni mwa 1973 ulivunja ungo, na Bi Tatu akakuingiza ndani nyumbani kwake pamoja na wasichana wengine wawili. Tulifikiri utapata taabu. Kumbe ulistawi. Chumba kilikuwa na kiza na ubaridi, hakuna kelele, kila siku inafanana na jana yake, na Bi Tatu amekaa karibu nawe akikufundisha kusuka. Alikufundisha ukili mwembamba ambao wanawake wengi hawauwezi, ule unaohitaji kuhesabu bila kukoma. Wenzako walilia, wakachungulia dirishani. Wewe hukuchungulia. "Nimefunda watoto, wajukuu na vitukuu," alimwambia mama yako, "sijapata mwali kama huyu." Nilijivuna kama mjinga. Jambo moja hatimaye tulikuwa tumelifanya kama watu wengine, na tumewazidi.

Wenzako wakatolewa, kwa ngoma na vigelegele. Wewe ukaahirishwa. Mwezi ukapita, ukafuata mwingine. Halafu dada yangu akaniita.

"Mwalimu, nimefikiri. Mwache."

"Nimwache vipi?"

"Akae. Zamani mwali alikaa hata miaka mitatu, nani anahesabu? Akija mgeni, tunamwambia Mwanaidi yumo ndani, ni mwali. Heshima yake ipo, na yetu ipo. Nikifa mimi, binti zangu watamtunza. Huko nje kuna nini anachokipenda, ndugu yangu? Ngoma? Salamu? Wale watoto wanaomwigiza anavyotembea?"

Nataka uelewe jambo hili vizuri kwa kuwa utaishi naye: hakuwa mkatili. Hakutaka kukuficha kwa kukuonea aibu tu. Alitaka kukupa mahali pasipokuumiza, na kwetu sisi hapakuwa na mahali pengine pa namna hiyo penye heshima. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama yako kwamba huenda dada ana haki. Mama yako hakunisemesha siku ile wala iliyofuata.

Mwanamume hamwoni mwali, hata akiwa baba. Lakini hakuna mila inayomkataza kukaa nje ya ukuta. Nikitoka shule nilikuwa naketi kwenye kigoda nyuma ya nyumba ya Bi Tatu, nasahihisha madaftari, na wewe uko upande wa pili wa udongo. Mara nyingi nilisikia ukindu tu ukipita mikononi mwako. Alasiri moja nikasikia unasema. Ulikuwa unataja vituo vya gari kutoka Maneromango hadi Kisarawe, kimoja baada ya kingine, kwa sauti ya yule utingo aliyetupeleka mwaka 1970, na kikohozi chake, na utani wake wa kuwaambia kina mama kwamba kuku naye alipe nauli. Ulifika Kisarawe, ukaendelea hadi Dar es Salaam, hadi mlango wa hospitali, ukarudi kituo kwa kituo. Kesho yake hivyohivyo. Na keshokutwa.

Nikauliza kupitia ukutani, "Mwanaidi, mbona unataja vituo?"

"Nisiisahau njia," ukasema.

Kila mtu alikuwa amesema una raha mle ndani, na ni kweli ulikuwa nayo. Hakuna aliyefikiri kwamba mtu anaweza kuwa na raha mahali na bado akataka kujua pa kutokea. Niliyakusanya madaftari, nusu yake hayajasahihishwa, nikaenda kumwambia mama yako. Alikuwa ameshaanza kufunga mizigo. Mpaka leo hajanieleza aliianza lini.

Asubuhi yake tukaenda. Bi Tatu alisimama mlangoni.

"Mwanamume haingii humu."

"Siingii. Namwita mwanangu atoke."

"Unamtoa mwali bila ngoma? Mchana? Kama mtu anatoa mbuzi zizini?"

"Ngoma hawezi, dada. Unajua."

"Ngoma si yake peke yake!" akafoka, na machozi yanamtoka. "Ngoma ni yetu! Sisi je? Sisi tusimfurahie?"

Neno hilo nimelifikiria miaka kumi na moja. Siku ile sikulisikia. Niliita jina lako, komeo likafunguliwa, ukatoka na kanga kichwani na ukili ambao haujaisha kwapani. Ulifumba macho kwa sababu ya jua, ukauliza, "Gari saa ngapi?"

"Nenda," dada yangu akaniambia. "Nenda na usirudi."

Niliomba uhamisho wa shule nikapata Kibaha. Mwaka ule nchi nzima ilikuwa inahama. Lori tulilopanda lilijaa milango na mabati na vinu vya watu waliokuwa wanapelekwa kwenye vijiji vipya. Hakuna aliyetuuliza tumetoka wapi wala kwa nini.

Hapa Sofu wakati ule palikuwa na mashamba na nyumba chache, na jirani yetu wa kwanza alikuwa Mama Nyamizi, Mnyamwezi, kwa hiyo mtani wetu. Hatujashusha godoro akawa ameshafika.

"Wazaramo wamekuja! Jamani fungieni kuku!" Akakugeukia. "Na wewe binti mbona hunitazami? Mimi mbaya?"

Ukamtazama kidogo. "Ndiyo," ukamwambia.

Nilitamani ardhi inimeze. Yeye alicheka mpaka akaketi juu ya gunia letu la mchele. "Huyu ndiye Mzaramo wa kwanza kuniambia ukweli!" Tangu siku ile hakupita asubuhi bila kukuchokoza, nawe ukawa humwachii. Ulimwambia ugali wake una madonge. Alikuambia mikeka yako inafaa kulalia mbwa, akanunua mitatu. Sisi tuliokupenda tulikuwa tumekubeba kama yai. Yeye alikutania kama anavyomtania kila mtu, na kwa utani wake ukajifunza kuzungumza na watu kuliko kwa masomo yangu yote. Aliponiuliza mara moja una nini, nilijibu, "Muulize mwenyewe." Nadhani hilo ndilo jibu la kwanza la akili nililowahi kutoa juu yako.

Halafu ikaja miaka ya foleni. Sabuni hakuna, sukari hakuna, na duka la kijiji likifunguliwa watu wanakanyagana. Wewe uliyekimbia mikusanyiko uliipenda foleni, kwa sababu ina utaratibu. Ulikuwa unajua nani yuko nyuma ya nani hata mtu akienda nyumbani kunyonyesha na kurudi. Nilikuwapo siku ile alipokuja mke wa bwana mmoja mkubwa, akajipenyeza mbele.

"Nilikuwa hapa tangu asubuhi," akasema. "Nilikwenda kuswali tu."

"Hukuwapo," ukamwambia. "Yupo baba mwenye baiskeli, kisha Mama Nyamizi, kisha mimi."

"We binti, una wazimu?"

"Sina. Nina otizimu. Na wewe ni wa mwisho."

Foleni nzima ikashangilia, na Mama Nyamizi akapiga kigelegele cha harusi. Yule mama alikwenda nyuma. Nilisimama na kikapu changu. Neno lile niliwahi kulitetea kwa ubao na chaki, nikawavuruga nalo watu wazima. Wewe ulilitamka kama mtu anayesema ametoka Maneromango. Sijawahi kujivunia mtu hivyo, mwanangu, na nimewafundisha wengi waliokwenda mbali.

Sasa Idi hii iliyopita. Ulikuwapo, lakini hukuuona uso wangu, kwa hiyo nakueleza. Utingo alimshusha bibi kizee mmoja, akamshika mkono mpaka kwenye ua wetu. Macho yake yana ukungu mweupe. Nilimjua kwa namna anavyofunga kanga.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Ni wewe, Mwalimu? Nakuona kama moshi." Akaketi, akanywa maji. "Nimekuja kumwomba Mwanaidi."

Nikaanza, "Dada, Mwanaidi hawezi..."

Ukasema kutoka mkekani, "Baba, mimi nipo hapa."

Umesema mengi mazuri tangu ulipoanza kusema, lakini hilo limepita yote.

"Unaniomba nini?" ukamuuliza.

"Uje tukae. Macho yamenikwisha. Wanawake wa kule wana ushirika wao wa mikeka, inauzwa mjini, na ule ukili mwembamba hakuna anayeuweza. Nilikufundisha wewe tu ukashika."

"Ngoma zipo?"

"Zipo. Siku ya ngoma tutakwenda shambani mimi na wewe. Hata mimi sasa zinaniuma kichwa."

Ukaendelea kusuka. Halafu ukauliza, "Komeo la mlango liko ndani au nje?"

Mama yako alisimamisha kazi jikoni. Dada yangu aliweka kikombe chini, akipapasa.

"Ndani, mwanangu. La nje nililing'oa."

"Lini?"

"Mwaka uleule mlioondoka."

Nilimuuliza baadaye, wewe umekwenda kisimani, kwa nini hakuniletea habari hiyo. Akanijibu, "Ulikuja kuuliza?" Nilikuwa nimeishi miaka kumi na moja na picha ya mlango ambao haukuwapo tena.

Ulisuka mpaka mwisho wa ukindu uliokuwa mkononi, ukasema, "Ukindu wa huku mfupi. Nitakwenda." Hukututazama tunasemaje. Mama yako alitaka kulia, nami nilitaka kutoa sababu kumi za kukuzuia. Sikupata hata moja ambayo wewe hukuwa umeiuliza kabla yangu.

Kule watu hawajui kuusoma uso wako kama mama yako anavyoujua. Ukichoka, sema umechoka; usingoje waone. Baadhi ya wale waliokuwa wanakuigiza sasa ni wazazi, na wawili watatu watataka kukuomba radhi kwa maneno marefu. Huna haja ya kuyasikiliza yote. Na Bi Tatu, ukipata siku, mwache akufurahie kidogo, kwa namna mtakayokubaliana ninyi wawili. Nilimnyima hilo.

Usifikiri sipakumbuki. Nakumbuka adhana ya alfajiri, na kengele ya misheni ikijibu kutoka upande wa pili, na moshi wa korosho zikibanikwa, na ile rangi ya njia mvua ikishakatika. Mama yangu amezikwa kule. Bi Tatu amenitaka niende nawe, japo kwa siku chache, na alisema kwa moyo mweupe.

Watu watakuambia, "Baba yako atakuja tu." Husema hivyo kumtuliza mtu, na hawaoni kwamba ni ahadi. Wewe utaichukua kuwa ahadi, utakwenda kusimama barabarani kila gari likifika. Ndiyo maana nakuandikia mimi mwenyewe, wazi. Siumwi, na sina hasira na yeyote. Ila nikiwapo, wataniuliza mimi. Watasema, "Mwalimu, Mwanaidi hajambo? Mwanaidi anakula nini? Anataka nini?" nawe umesimama palepale, na mimi nitajibu, kwa kuwa nimekujibia tangu ulipozaliwa na mdomo wangu umezoea. Nisipokuwapo, itabidi wakuulize wewe. Utakapotaka kutuona, panda gari uje. Mimi na mama yako tuko hapa Sofu. Mimi sitarudi Maneromango.

Baba yako